Fimbo Mlangoni mwa Shule

Mjukuu wangu Kulwa,

Hapa Ushirombo hatujambo. Pacha wako Doto amejifungua salama. Unauliza watu waliotoka vitani huko unakofundisha watapigaje kura kwa haki.

Nikiwa darasa la sita, vijiji vyetu viwili vilipigania malisho, kisha vikaitwa shuleni kuchagua kiongozi mmoja. Wanaume walikuja na fimbo, wanawake wakagoma kuingia. Mwalimu akaamuru fimbo zibaki mlangoni.

"Mchungaji bila fimbo ni mbuzi!" babu yangu akalalamika.

"Basi ingia, mbuzi wangu," bibi yangu akamjibu.

Kura zilipohesabiwa, kijiji chetu kilishindwa. Nililitazama lile lundo la fimbo kwa hofu. Lakini mzee wa upande ulioshinda aliitafuta ya babu, akamkabidhi kwa mikono miwili. Babu akamuuliza habari za ng'ombe.

Huko uliko, mwanangu, aliyeshindwa atarudishiwa fimbo yake na nani?

Bibi yako akupendaye