Miguu ya Meza ya Kupigia Pasi

Duka la Dobi,
Ghorofa ya Chini, Mlango wa 4.
Jumatano, tarehe 9 Aprili.

Kaka mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo? Wifi hajambo? Na watoto, wale ambao kila nikipiga simu wako shule, wanaendeleaje? Kifua kimepona au bado unakohoa huku ukikataa kwenda hospitali? Mimi ni mzima, ila mgongo unanikumbusha umri wangu kila nikiinua beseni. Baba yuko nyuma yangu hapa dukani, anajifanya kusinzia ili nisimwulize kama amekunywa dawa.

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma nimekaa, maana ya kwanza ilinipandisha mori. Umeandika kwamba mguu wa baba haukatwi mpaka wewe useme, kwa kuwa ndiwe mtoto wa kwanza. Halafu ukauliza sisi huku tunaamuaje mambo, au tunakurupuka tu. Basi nitakueleza tunavyoamua. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu huachi mtu amalize sentensi. Jirani anayesafiri kesho atakuletea barua hii mkononi.

Sikukujibu siku ileile. Niliandika kurasa tatu, na maneno yaliyokuwemo usingependa watoto wako wayasome. Unakumbuka nilivyoharibu shati la bwana harusi? Tone moja la damu kwenye kola, nami kwa haraka zangu nikalimwagia maji ya moto. Damu ikashika moja kwa moja. Baba hakunifokea. Alinipa nguo nyingine yenye damu na beseni la maji baridi, akaniambia nikae hapo ningoje. Tangu siku ile, nikiwa nimechemka siamui kitu. Zile kurasa tatu nimezichana Jumapili.

Sasa nikuambie ambayo baba mdogo hakukueleza vizuri. Daktari alisema wazi: vidole viwili vimekufa, kidonda kinapanda, na kwa kisukari alichonacho baba hakitapona. Akikatwa chini ya goti sasa, ana nafasi nzuri. Tukichelewa, sumu itaingia kwenye damu, na hapo hatutakuwa tunazungumzia mguu tena. Alitupa muda mpaka Jumanne ijayo.

Tukakaa kikao sebuleni. Tukakaa tena. Vikao vinne kwa wiki moja, kaka. Baba mdogo akasema hakuna mtu wa ukoo huu aliyewahi kukatwa kiungo. Shangazi akataka tujaribu kwanza dawa ya kupaka. Mimi nikataka akatwe kesho yake. Sote tulikuwa tunakungoja wewe, kila mmoja akitumaini utasema kama yeye. Na baba alikuwa chumbani, mlango haujafungwa vizuri, anasikia kila kitu.

Baada ya kikao cha nne nilimpelekea chai. Akaniuliza, "Eti, mmefikia wapi na mguu wangu?"

Niliona haya mpaka nikakosa pa kuweka sinia. Wiki nzima hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwuliza. Mteja akileta nguo yenye doa, jambo la kwanza baba alilotufundisha ni kumwuliza mwenyewe: limetoka wapi, lina siku ngapi, umeshalipaka nini. Maisha yetu yote tumewauliza watu tusiowajua.

Nikakaa kitandani pake, nikamwuliza anaogopa nini. Nilidhani atasema kisu, au kufa. Akasema, "Kufa kila mtu atakufa. Mimi naogopa kukaa, mwanangu. Miaka arobaini napiga pasi nimesimama. Nikikaa nitakuwa nani humu ndani? Mtaniweka kwenye kochi mnifukuzie nzi."

Sikumwambia kwamba mambo yatakuwa sawa, kwa sababu sikujua. Nikawaza tu anavyofanya yeye akiletewa dawa mpya ya madoa. Haimimini kifuani mwa nguo. Anafunua pindo la ndani, anadondosha tone moja, anangoja. Likiharibu, limeharibu padogo. Mguu ukikatwa haurudi, lakini mtu anaweza kujaribu kukaa mapema.

Asubuhi nikamwita seremala wa jirani nikamwambia akate miguu ya meza ya kupigia pasi. Alinitazama akidhani nimerukwa na akili. Akapima kiti cha baba, akakata shubiri moja na nusu kila mguu. Baba mdogo alipita akasikia msumeno, akapiga kelele kwamba sasa tunaanza na fanicha.

Tukamkalisha baba. Shati la kwanza lilimshinda. Pasi ilikwama begani, akatoa tusi ambalo sikujua kama analijua. La pili likatoka na mkunjo. Tukaongeza mto kwenye kiti. La tatu kola ikasimama na mikono ikalala sawasawa. Alilitazama kwa muda, akalikunja, akaliweka kwenye rafu pamoja na yale niliyonyoosha mimi. Kisha akasema, "Mwambie daktari nakuja Jumanne. Na mwambie seremala meza inayumba upande wa dirishani."

Nililia, kaka, nikasingizia mvuke.

Kwa hiyo imeshaamuliwa, na aliyeamua ndiye mwenye mguu. Sikuandikii kukuomba ruhusa. Najua uko mbali, huwezi kumshika mkono, ndiyo maana ukataka angalau neno lako liwe zito. Ningekuwa mimi huko ningefanya vivyo hivyo. Sikulaumu, maana sisi tulio karibu tulikuwa na mikono na hatukumshika.

Huenda mambo yakaenda kombo. Daktari hakutuficha: moyo wake si wa kijana. Ikitokea hivyo nitaumia sana, lakini sitajuta, kwa sababu mwenyewe aliulizwa akajibu.

Nisalimie wifi, na mwambie binti yako mkubwa kwamba gauni lake alilonitumia limetoka madoa yote. Shangazi anakusalimu. Baba mdogo naye anakusalimu. Bado amenuna, ila jana alileta magongo mawili mapya akasema ameyaokota tu njiani.

Jumatatu jioni baba atakuwa karibu na simu. Atakuwa amenyoa ndevu na kuvaa vizuri, ingawa anasema hangoji simu ya mtu. Piga. Usimpe pole, usimpe ushauri. Mwulize anaendeleaje, halafu unyamaze mpaka amalize.

Mungu awatunze huko, nasi atutunze huku mpaka tuonane.

Mdogo wako akupendaye hata ukimuudhi,
Dobi Mdogo