Haibiskasi za Mpakani

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeanza. Haibiskasi zilizo kati ya uwanja wetu na wa Fundi Cherehani zimekuwa kichaka hasa. Paka akiingia humo anasahau kwao. Nimemwambia dada nataka kuzifanya miti: shina moja lililonyooka, majani juu tu, chini peupe. Upepo upite, nikasema. Dada hakuinua macho kwenye maharage anayochambua. Upepo, au macho yako? Huyu dada! Tangu mke wangu afariki amehamia hapa kunipikia, na kila sahani ina kejeli yake.

Ukweli nauandika hapa, hakuna wa kunicheka. Kutwa nasikia cherehani ya Fundi, na mama mwenyewe simwoni. Nataka kumwona. Basi.

Jumamosi, 8 Machi

Kazi hii haitaki papara. Ukikata yote mara moja mti unadhoofika, maana majani ndiyo yanayoulisha. Kwa hiyo kila haibiskasi nimeichagulia shina moja, mengine nimeyakata toka chini. Matawi ya pembeni nayaondoa kidogo kidogo kwenda juu. Nimefunga mashina kwenye vigingi, bila kukaza. Nimefika magotini.

Leo nimeona miguu yake kwenye pedali. Ndala za bluu. Mtu mzima na mvi zangu, nimekaa natazama ndala! Kustaafu kumenipa muda mwingi na akili kidogo.

Jumatano, 19 Machi

Nimefika kifuani. Sasa namwona mzima. Akitunga uzi hulamba ncha, hufumba jicho moja. Anaimba pia, na hukosea maneno yaleyale kila siku. Chai yangu imepoa mara mbili.

Jioni ameinua kichwa ghafla. Nikajifanya natafuta wadudu — kwenye shina tupu! Sijui kama ameamini. Mimi mwenyewe nisingeamini.

Jumapili, 6 Aprili

Nimeharibu. Juzi nilikata ncha zote za juu ili vichwa vitoe matawi mengi. Ndivyo inavyofanywa, sawa. Ila haibiskasi huchanua kwenye ncha changa, nami kila kitumba nimekipeleka jalalani.

Asubuhi Fundi akaja mpakani. Mwenyewe! Akauliza, jirani, maua yangu umeyapeleka wapi? Kumbe kila asubuhi huchuma moja akaliweka kwenye glasi kando ya cherehani. Miaka yote hii, na mimi sina habari! Nikasema yatarudi, wiki chache tu. Akasema atayangoja.

Maua yangu, alisema. Yangu. Nimezunguka na neno hilo nyumba nzima hadi dada akaniuliza nimepoteza nini.

Halafu, akiwa ameshageuka kuondoka, akaongeza kwamba ni afadhali nilivyokata. Zamani alikuwa ananisikia nikikohoa tu. Nami nikakohoa!

Ijumaa, 25 Aprili

Vitumba vimetoka. Vidogo, vimefumba kabisa. Nilikuwa nikimwendea Fundi nimwite aone, dada akaniwahi na habari. Mwanawe Fundi amepata nyumba kubwa mji mwingine. Anakuja Jumapili kumchukua, cherehani na kila kitu, akaishi naye huko. Anasema hawezi tena kumwacha mama yake peke yake.

Peke yake! Na mimi ni nini hapa, kigingi?

Dada leo hakunitania. Alinimiminia chai, akakaa, akasema: kamwambie. Nikamuuliza nimwambie nini. Akasema yale unayomwambia kwa mkasi tangu Machi, sasa yaseme kwa mdomo. Nimeona haya mbele ya dada yangu mwenyewe. Nampenda yule mama. Nimeandika.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimepogoa visivyotaka kupogolewa. Cherehani kimya. Anafunga mizigo. Sikujua kimya kinaweza kuuma hivi.

Sikwenda.

Jumapili, 27 Aprili

Gari limefika. Mwanawe anapakia makochi. Mimi nipo mpakani na mkasi, naondoa machipukizi ya chini, sioni ninachokata.

Fundi akainama, akapita katikati ya mashina, akasimama upande wetu. Hajawahi! Akaniomba kipande cha tawi akapande huko aendako. Nikamkatia kizuri, kinene kama kidole. Akauliza atajuaje kukilea kiwe mti, kisigeuke kichaka. Nikasema si kazi ngumu, mtu yeyote ataweza kumpogolea. Mjinga mimi! Akanitazama. Hataki mtu yeyote, akasema. Mwanawe amemwambia mara tatu aingie garini, naye amemjibu kuna jambo analisubiri kwanza. Kisha akauliza taratibu, jirani, nisubiri au niende?

Nami nimesema nini? Nimesema, ngoja nikatafute kamba ya kufungia hilo tawi.

Nimekimbilia ndani! Naandika nimesimama, daftari juu ya friji. Nikitoka hapa lazima niseme, na nikisema haitarudi tena kuwa bustani tu. Dada yuko mlangoni, anauliza hiyo kamba naitafuta au naisokota. Kamba ninayo mfukoni tangu asubuhi. Honi inalia — mara ya pili sasa. Namwona Fundi kupitia dirisha. Tawi liko mkononi, uso ameuelekeza mlangoni kwetu. Hajageuka kulitazama gari.