Misumari Ilikuwa Mahali Pake

Mjomba Hamisi,

Shikamoo. Najua marahaba haitarudi, lakini sijapata kuzungumza nawe pasipo salamu, nami sitaanzia leo.

Arobaini yako ilisomwa juzi hapa Ng'ambo. Nyundo yako ingali nyuma ya mlango. Hakuna aliyethubutu kuigusa. Baada ya ubwabwa, mafundi wenzako walinipa mikono kwa heshima, kama inavyompasa mhandisi wa mkoa. Kisha mmoja wao akasema, bila nia mbaya, kwamba uzee ndio uliokuponza: bati lilikuwa na umande, ukateleza. Nilinyamaza. Kunyamaza kule ndiko kulikonileta kwenye karatasi hii.

Unaikumbuka shule ya kijiji cha Ujamaa kule upande wa Urambo, uliyoiezeka kwa mikono yako. Jua la Oktoba liliwachoma watoto chini ya mabati matupu, na mvua ikinyesha mwalimu hakusikika. Mimi nilikuwa nimetoka masomoni Ulaya, nina shahada mpya na hamu kubwa ya kuonekana. Mtaalamu mgeni alituachia mashine ya kupulizia povu: dawa mbili huchanganyika, zikitoka kwenye bomba huvimba na kukauka, zikishikamana na bati na mbao. Nililipulizia paa lote kwa chini. Joto lilipungua kweli, na mvua ikawa mnong'ono. Mwenyekiti wa kijiji alinisifu mkutanoni, na wakubwa wangu wakaniagiza niandae mpango wa kufanya vivyo hivyo katika zahanati.

Wewe ulikuja, ukafunga milango na madirisha, ukasimama katikati ya darasa na kutazama juu. Ndivyo ulivyosoma mapaa yako siku zote. Gizani, kila tundu la msumari uliolegea lilikuonyesha nukta ya mwanga. Na kila mvua ya kwanza ya mwaka ulikuwa ukirudi na chaki, ukiweka alama sakafuni kila tone lilipoangukia. Siku ile hukuona nukta hata moja. Povu lilikuwa limefunika kila kitu.

"Injinia," ulisema, "mgonjwa umemfunga mdomo, halafu unaniambia haumwi?"

Watu waliokuja kutazama walicheka. Nami nikacheka, kisha nikakueleza mbele yao, kwa maneno niliyojua hutayaelewa, kwamba pasipo tone hapana uvujaji. Ulivaa viatu vyako ukaondoka. Mjomba, kicheko kile...

Misimu mitatu ya mvua ikapita. Maji yaliingia kwenye matundu ya misumari kama yalivyoingia zamani, ila sasa hayakuwa na pa kudondokea. Yalikaa baina ya povu na mbao, na hakuna aliyeyaona. Ndipo upepo ulipong'oa kofia ya paa, yale mabati ya kileleni, ukaitwa wewe kwa kuwa kazi ilikuwa yako. Ulivua viatu, ukapanda, ukafuata mstari wa misumari. "Kanyaga penye msumari," ulinifundisha kabla sijajua kuandika, "chini yake pana mbao."

Taarifa ya ajali inasema fundi aliteleza. Niliiandika mimi. Nilikuwa naamini hivyo. Hapana, nilikuwa nataka kuamini hivyo.

Jana nilirudi kule na kisu. Nilikata povu kandokando ya tundu ulimoangukia. Papi, ile mbao ya kushikia bati uliyoipigilia mwenyewe, ilisagika vidoleni mwangu kama ugoro. Misumari yako mitatu ingali inaning'inia kwenye bati, imenyooka mstari mmoja, haishiki kitu. Nilipanda ngazi katika darasa la pili, nikakata na huko, nikakuta vilevile. Chini yangu watoto walikuwa wakisoma kwa sauti. Nilimwomba mwalimu awatoe saa ileile. Sasa wanasomea katika ghala la tumbaku.

Sisemi kwamba povu ni kitu kiovu. Nasema nilifunika paa ambalo tayari lilikuwa na tundu, nikawanyima macho waliojua kulitazama, nikaita upofu huo maendeleo.

Jumatatu kamati ya mkoa inakaa kuupitisha, hatimaye, ule mpango wa zahanati. Ndani ya mkoba wangu mna taarifa mpya, inayoanza hivi: "Fundi hakuteleza. Alikanyaga mahali sahihi." Nimetia sahihi yangu, na nimeandika jina la aliyepuliza povu lile. Huenda cheo kikaondoka, na pamoja nacho sifa zote nilizozikimbilia. Mkaza mjomba nilimsomea kabla ya mtu mwingine. Aliinuka, akaichukua nyundo nyuma ya mlango, akaniwekea mapajani.

Pumzika, Mjomba. Povu lote nitalibandua, na kila papi iliyooza nitaibadilisha kwa nyundo hii. Mvua ya kwanza itakaponyesha, nitakuwa katikati ya darasa lile, milango imefungwa, chaki mkononi, natazama juu.

Mpwa wako,
Idi