Mkono Wangu Ulipokwama Mwambani

Mdogo wangu Mwanakombo,

Najua huko Gazi unangoja kauli yangu, tukubali au tukatae. Mimi nipo Kuze, mzima wa mwili, ila kichwa kimevurugika. Mwandishi ni mjukuu wetu Rukia, maneno ni yangu.

Ile miamba ya kuundwa ambayo watu wa mradi wa samaki wanataka kuitosa huko Gazi, pale tunapochokoa pweza, jana nimeiona ufukweni huku. Ni simiti! Kama mtungi mkubwa, umejaa matundu. Nikamuuliza fundi anayeiunda, "Baba, na samaki ataambiwa na nani kwamba hii ni nyumba yake?" Akacheka: "Bibi, akipata tundu haulizi."

Mwamba huota kwa kudra ya Mungu. Huu umekorogwa kwa sepetu. Niamini lipi?

Basi mkono, kwa mazoea ya pweza, ukajitia tunduni. Kutoka, hautoki. Bangili zimenasa! Rukia akanishika kiuno, fundi akaleta mafuta ya nazi. "Bibi, wewe ndiye wa kwanza kuhamia!" Nikamwambia, "Nyamaza, vuta!" Mwishowe ukachomoka.

Wenye mradi wanasema hatutavua hapo watakapoitosa mpaka samaki wazaane. Na sisi tutakula nini? Fundi hajui, nami sijui. Kwa hivyo usiwakatalie, lakini pahala petu pa pweza usiwape. Waanzie kule kwenye mchanga mtupu, tuone. Ikiwa tundu limenishika mimi na ukaidi wangu, huenda likamshika na samaki tewa.

Halua yako ninayo. Kula ushibe, usikonde kwa kuniwaza.

Dada yako akupendaye, mkono bado wauma,
Mwanamisi