Nyaya Nilizozigeuza

Mkomaindo, Masasi, Jumanne, Agosti 1996

Moshi ulikuwa mdogo tu, lakini harufu yake ingali kwenye shati langu.

Bodi ya mashine ya gemu ya Mama Zuhura ilikuwa na hitilafu ndogo. Picha ilionekana, sauti haikutoka. Niliunga adapta ya kuiwashia hapa mezani kwa televisheni yangu, ili asisafirishe kabati zima la mashine kutoka Newala. Nyaya nilizichora nikiitazama bodi kwa nyuma, nikazichomelea nikiitazama kwa mbele. Kulia ikawa kushoto. Mimi ninayepima kila kitu mara mbili, leo nilichomeka bila kupima, na bodi ikaungua.

Alipokuja jioni nikamwambia, "Mama Zuhura, hii ilishakufa tangu huko."

Alicheka kwa uchungu. "Shemeji kaniuzia mzoga. Ndiyo maana siku ile aliniita dada, dada. Kesho atajieleza mbele ya wazee."

"Pole, mama."

"Wewe huna kosa, fundi." Akaniachia korosho alizokaanga mwenyewe.

Huyo shemeji simjui. Najua tu kwamba kesho ataitwa tapeli kwa sababu yangu.

Adapta nimeirekebisha, sasa iko sawa kabisa. Korosho sijazigusa.

Kesho alfajiri lazima niwahi stendi kabla basi la Newala halijaondoka naye Mama Zuhura. Nimejaribu kuandika hapa nitakayomwambia, na kila mara naanza kwa kuulaumu umeme wa Masasi.

Umeme leo haukuwa na tatizo lolote.