Wodi ya Mama Haina Kufuli

Kaka yangu mpendwa,

Hatujambo. Shemeji yako ameanza kupika, nasi tunamvumilia.

Wiki iliyopita nilikwenda hospitali ile alikofungiwa mama. Getini nilitaka kurudi nyumbani. Kumbe wodi yake siku hizi ni chumba cha mazungumzo, na mlango hauna kufuli. Nilimweleza daktari habari za sauti ninazosikia. Akasema, "Wengi huzisikia, na zinatibika." Akanipa vidonge na siku ya kurudi. Sasa nalala fofofo.

Wifi ameniambia nawe unazisikia, na hutoki chumbani. Najua unaogopa minyororo. Nilichungulia kila pembe, haipo. Jumanne nakuja kukuchukua. Oga, tafadhali, maana kwenye basi tutabanana.

Mdogo wako uliyekuwa ukimbeba mgongoni