Pesa za Wanane Gatini

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi cha Bandari, chumba cha maelezo, saa 10:20 jioni.

Shahidi: mwanamume, miaka 73. Jina kamili ni kama lilivyo kwenye pasipoti, nakala imeambatishwa. Wenzake humwita Nukta.
Kazi: msahihishaji mstaafu, kiwanda cha kuchapa vitabu.
Makazi: ng'ambo. Kwa sasa ni abiria wa meli ya kitalii iliyofungwa kwenye gati namba mbili.

Nasema kwa hiari yangu. Afande ameniambia niseme niliyoyaona na kuyasikia, niache ninayoyadhani. Nitajaribu.

Mwanamke mliyemweka chumba cha pili ni shemeji yangu, mjane wa kaka yangu mkubwa. Ni fundi cherehani. Hajawahi kushitakiwa popote.

Tunasafiri watu wanane. Miaka arobaini iliyopita tulifika katika bandari hii tukiwa wakimbizi, tukalazwa kwenye ghala moja karibu na gati, kabla ya kupelekwa mbali zaidi. Kaka yangu alizikwa hapa, na hatukupata nafasi ya kumwekea hata kibao. Mwaka huu mdogo wangu wa kike aliona tangazo la meli hii, na kati ya bandari inazopitia aliiona hii. Tukakata tiketi wote wanane kwa ajili ya saa hizo chache za kushuka. Fundi wa mawe wa hapa alikubali kwa simu kuchonga jiwe la kaburi. Alisema anapokea taslimu tu, na atatusubiri makaburini leo saa nane mchana.

Ndani ya meli hakuna anayeshika taslimu. Soda, kinyozi, picha, vyote hukatwa kwenye kadi ya chumba. Ipo mashine moja tu ya kutolea pesa, mlangoni mwa ukumbi wa kamari. Inakata makato yake kila unapotoa, kisha benki yako ya nyumbani inakata ya kwake, kisha inakuuliza kwa adabu kama ungependa ikubadilishie fedha kwa bei yake yenyewe. Ukikubali, umekatwa mara ya tatu. Rafiki yetu tunayemwita Kapteni, ambaye alikuwa dereva wa lori na hajawahi kuongoza hata mtumbwi, alisimama mbele yake akasema, "Hii msiikodolee macho, itawatoza kwa kuiangalia."

Kapteni ndiye aliyekuja na maarifa ya kwanza. Alisema unachukua sarafu za kamari kwa kadi ya chumba, huchezi, unazirudisha dirishani unapewa taslimu. Alikwenda, akarudi amenuna. Keshia alimwambia hata hapo wana asilimia yao.

"Afadhali," mdogo wangu akamwambia. "Wewe Kapteni ungekaa humo dakika tano, ungetoka na shuka la meli kiunoni."

Tulicheka sana. Nalieleza hili kwa sababu leo nimejiuliza kama watu waliocheka vile ni hawa hawa.

Shemeji alikuwa anafuma, hakuinua macho. Akasema, "Makato ni ya kila safari, si ya uzito wa mzigo. Kapteni, ungepeleka magunia manane kwa malori manane?"

Ndipo tukakubaliana. Benki yetu ni moja wote wanane, na kutumiana wenyewe kwa wenyewe kwa simu hakuna makato. Kila mmoja angemtumia shemeji, naye angetoa mara moja tu, benki ya mjini, dirishani, si kwenye mashine. Yeye ndiye anayetunza mchezo wetu wa kuchangiana huko tunakoishi, miaka mingi sasa, wala hatujawahi kuulizana. Jana baada ya kifungua kinywa, tukiwa meza moja, simu yake ililia mara saba mfululizo. Kila mmoja alituma pesa zake za matumizi, na juu yake fungu la jiwe. Muuguzi mstaafu, yule tunayemwita Dada Sindano, aliongeza kuliko sisi wote. Alisema, "Mimi nilikuwepo alipokata roho. Msinizuie."

Mnamo tarehe 14 ya mwezi huu, yaani leo, saa mbili asubuhi, meli ilifungwa gatini. Nilifuatana na shemeji hadi benki iliyo mkabala na ofisi ya forodha. Wengine walikwenda kutembea. Miadi ilikuwa saa saba, chini ya paa la kusubiria abiria, tugawane, kisha twende makaburini pamoja.

Msichana wa dirishani alikuwa mchangamfu. Alimuuliza shemeji, "Mama, hawa waliokutumia jana ni nani?"

"Ndugu zangu."

"Mbona wote wana majina tofauti?"

"Ndugu zangu wote."

Alicheka, akahesabu, akampa. Sasa naelewa kwamba tulipogeuza mgongo alipiga simu. Simlaumu. Bibi mgeni, akaunti iliyojazwa na watu saba kwa muda mfupi, kisha inamwagwa siku ya pili katika bandari ya ugenini. Ningekuwa mimi ningepiga pia.

Tulifika gatini saa saba kasoro kidogo. Wenzetu sita walikwisha kukaa kwenye mabenchi. Mdogo wangu alinunua kofia ya ukili na alikuwa ameivaa. Kabla hatujawafikia, hatua chache tu, afande huyu anayeniandikia na mwenzake walitusimamisha.

Naomba iandikwe kwamba afande alikuwa na adabu. Alisema, "Shikamoo mama. Naomba nione mkoba wako." Mimi aliniambia, "Na wewe mzee wangu simama hapa, maana tulivyoambiwa, yaelekea wewe ndiye tapeli wake." Nilitaka kucheka. Alifungua mkoba, akaona pesa. Akashika simu ya shemeji, akawageukia watu wote waliokuwa chini ya paa, akainua sauti:

"Hizi ni za nani?"

Hapa nalazimika kurudi nyuma kidogo, vinginevyo kilichofuata hakitaeleweka, na mimi mwenyewe sijui kama nimekielewa.

Katika lile ghala walinzi walikuja kila asubuhi. Kifurushi chochote walichokikuta kimefichwa, walikiinua juu na kuuliza swali hilo hilo, kwa maneno hayo hayo. Aliyesema "changu" alichukuliwa. Kwa hiyo tulifundishana, wakubwa kwa wadogo, jibu moja: sikijui. Siku moja kilipatikana kifurushi cha maziwa ya unga. Tulikificha sisi wote, kwa ajili ya watoto wote. Kaka yangu aliona walinzi wanaanza kuwatazama akina mama, akasema, "Changu." Alirudi siku ya tatu, anakohoa. Hakupona.

Leo afande alipouliza, hakujibu mtu.

Akasoma jina la kwanza kwenye simu, lililokuwa la Kapteni. "Huyu yupo hapa?" Kapteni alikuwa amekaa mbali kama ilivyo meza hii na ule mlango. Alitazama viatu vyake. Likasomwa la Dada Sindano. Alifungua mkoba wake, akatafuta kitu ambacho hakikuwemo. Likasomwa la mdogo wangu. Nilimwona akivua ile kofia na kuikunja mapajani, polepole. Mwenzake afande akamwendea, akamuuliza, "Mama, unamfahamu bibi huyu?"

Akasema, "Simjui."

Walivaa mkononi mikanda ya abiria wa meli, ile ile tuliyovaa sisi. Wana pasipoti, wana pensheni, wana wajukuu vyuoni. Mdogo wangu alisukwa nywele na shemeji utoto wake wote. Alisema "simjui" kwa sauti niliyoisikia mara ya mwisho katika lile ghala, nyembamba, ya mtoto wa miaka kumi na mmoja. Nikashika nguzo.

Jina langu lilisomwa la mwisho. Naomba hili liandikwe kama lilivyo: sikujibu mara moja. Ulimi ulikwishaanza kulitengeneza lile jibu letu. Sikuamua mimi, ulianza wenyewe.

Shemeji ndiye aliyenitangulia. Alisema, "Mwanangu, usiwasumbue watu. Ni zangu zote peke yangu."

Afande akamuuliza, "Basi hawa saba walikutumia za nini?" Hakumtaja mtu. Hakugeuka hata kuwatazama, na naamini alijizuia kugeuka ili wasijulikane.

Ndipo nikasema, "Jina hilo ni langu. Fungu langu ni hilo, na si zake peke yake, ni zetu." Nikatoa pasipoti. Afande akalinganisha jina, akasema, "Sawa mzee, huyo ni mmoja. Wako wapi sita?"

Nikageuka. Walikwisha kuinuka. Walikuwa wanapanda ngazi ya meli, mmoja nyuma ya mwingine, bila kusukumana, jinsi tulivyokuwa tukipanga foleni zamani. Kofia ilibaki kwenye benchi.

Kapteni alikuwa wa mwisho. Nilimwita kwa jina lake halisi, ambalo sijalitamka miaka mingi. Alisimama. Kisha akapanda.

Afande alinieleza kwamba kuingia melini na kuwahoji abiria kunahitaji idhini ya nahodha, na meli inafunga mlango saa kumi na moja. Aliniambia naweza kwenda kupanda, mimi sina kosa, ila shemeji atazuiliwa mpaka wenye pesa wajulikane. Nilimwambia sipandi. Tumeletwa hapa kwa gari. Fundi wa mawe amepiga simu mara mbili kuuliza tuko wapi.

Majina ya wenzangu sita nimempa afande, pamoja na namba za vyumba vyao. Sijawahi kumpa mtu mwenye sare jina la mwenzangu maishani mwangu. Si wezi, wala si waongo. Waliulizwa swali baya mahali pabaya, na afande hakujua, atajuaje? Lakini nilikuwepo mara ya kwanza aliposimama mtu mmoja peke yake kwa ajili yetu, na nikanyamaza. Nilikuwa kijana wa miaka thelathini na mitatu, si mtoto.

Nimesikia honi ya meli sasa hivi. Sina zaidi ya hayo. Nimeyasema yote mimi mwenyewe, nami ninayasimamia.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya ofisa mwandishi: Shahidi nimemsomea maelezo yake kwa sauti. Alisahihisha alama za uandishi mahali pawili, akaomba pia paongezwe kwamba yule mdogo wake ni mgonjwa wa presha, asisumbuliwe. Nimeongeza.

Saa 11:10 jioni, wakati shahidi anaweka sahihi, waliletwa kaunta na mlinzi wa gati abiria watatu wakiwa na mizigo yao pamoja na mizigo ya mtuhumiwa na shahidi: mwanamke mmoja aliyekuwa analia, muuguzi mstaafu, na mwanamume aliyesema yeye ni dereva wa lori. Kabla sijawauliza lolote, kila mmoja aliweka pasipoti yake mezani na kusema pesa ni zake. Majina yanalingana na ya kwenye simu. Watatu waliobaki hawakushuka. Meli imeondoka.

Mtuhumiwa ameachiwa saa 11:40, na pesa amekabidhiwa kwa sahihi za wote watano. Alipotoka chumba cha pili alimuuliza yule aliyekuwa analia kofia yake iko wapi. Wameomba kuelekezwa njia ya makaburini. Nimewapeleka kwa gari la kituo, kwa kuwa giza lilikuwa linaingia.